Fundi Aliyetaka Kila Kitu Kichomoke

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Wilhelmina Akonaay, Mkuu wa Karakana wa Ushirika wa Maziwa Amka, atatoka kwenye geti letu la Maisaka akiwa mstaafu, baada ya kuutumikia ushirika huu kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe iliagiza wasifu wake uandikwe kwa lugha ya staha. Tumejitahidi. Pale staha ilipotushinda, tunamwomba mstaafu atuvumilie kama sisi tulivyomvumilia yeye.

Kwa wanachama na majirani ni Mama Marseli, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Karakanani ni Mama Moduli, jina ambalo hujifanya hajawahi kulisikia ingawa limeandikwa kwa rangi nyekundu chini ya benchi lake la kazi. Moduli, kwa ambaye hajapitia mafunzo yake ya lazima ya Jumatatu asubuhi, ni kipande kinachojitegemea: kina kazi yake moja, kina mlango wake mmoja wa kuzungumza na wenzake, na unaweza kukichomoa na kuweka kingine bila kugusa vilivyobaki. Mama Marseli ameishi kwa imani hiyo. Hata chakula chake cha mchana huja kwenye vibakuli vitatu, wali peke yake, maharage peke yake, mboga peke yake, na hajawahi kuvichanganya mbele ya mashahidi.

Alizaliwa Dareda, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na maharage, akasomea elektroniki kwenye chuo cha ufundi Arusha. Aliporudi alifanya kazi miaka michache kwenye duka la kutengeneza redio na televisheni hapa Babati mjini. Anasema huko alijifunza kwamba mteja hapendi kurudishiwa redio pamoja na skrubu zilizobaki. Mafunzo hayo hakuyaleta kwetu mara moja.

Mzee Aminiel, aliyekuwa meneja wetu wakati huo na ambaye leo ni mgeni wetu wa heshima, anakumbuka vizuri siku Mama Marseli alipoanza kazi. Alimwonyesha chumba cha mashine, akamwacha azoee mazingira, akaenda ofisini kunywa chai. Aliporudi alikuta pampu ya maziwa imelala mezani vipande vipande, imepangwa kwa ukubwa, kama nyanya sokoni.

"Mama, hii pampu ilikuwa imeharibika?" aliuliza.

"Hapana, Mzee. Ilikuwa nzima kabisa."

"Sasa umeifungua ya nini?"

"Nataka kujua itaharibika vipi."

Mzee Aminiel anasema alifikiria kumrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Alichomzuia ni kwamba hakuna mwingine aliyejua kuirudisha pampu ile mahali pake.

Katika miaka ile kiwanda chetu kiliongozwa na kitu tulichokiita Sanduku. Lilikuja pamoja na tangi la kupozea maziwa, kutoka nje ya nchi, zuri, jeupe, limefungwa kila upande. Ndani yake kulikuwa na bodi moja tu, na bodi hiyo ndiyo iliyofanya kila kitu: iliwasha na kuzima kompresa ya kupoza, iliendesha mota ya kukorogea maziwa, ilisoma mizani, ilionyesha joto kwenye kioo, na ilipiga kengele maziwa yakianza kupata joto. Tulijivunia Sanduku. Wageni walipokuja tulipiga nalo picha.

Masika moja, siku ya Jumapili, mjusi aliingia ndani ya kengele kujikinga na mvua, akagusanisha nyaya mbili. Kengele ikapiga shoti. Kwa kuwa kengele ilikuwa kwenye bodi moja na vitu vingine vyote, bodi nzima ikaungua, na kompresa ikazima. Mlinzi wa zamu alisikia kimya, akadhani ni utulivu wa Jumapili. Tuliporudi kutoka kanisani, wengine Wakatoliki, wengine Walutheri, sote tulikuta maziwa ya uvuguvugu. Kengele iliyowekwa ituonye maziwa yakipata joto ndiyo iliyoyaharibu.

Sehemu hii hatutaifanyia utani. Bodi mpya iliagizwa, na wiki zikapita ikiwa njiani. Kila asubuhi wanachama walikuja na maziwa, na kila asubuhi tuliwarudisha. Wengine waliyauza kwa bei ya kutupa kwenye migahawa ya stendi, wengine waliwapa majirani, wengine waliyamwaga mtaroni hapohapo mbele ya geti, na harufu ya maziwa yaliyochacha ilikaa barabarani muda mrefu. Mama mmoja wa Sigino, Bibi Paskalina, alikuwa akisukuma baiskeli yenye keni mbili kutoka kwake mpaka Maisaka, akiamini labda leo mashine imepona. Siku moja aliegesha baiskeli, akaomba kumwona fundi. Mama Marseli akatoka, akamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Friji ni nzima?"

"Ni nzima, Bibi. Tangi ni zima, kompresa ni nzima. Kilichoharibika ni kengele."

Bibi Paskalina alitafakari jibu hilo. "Ng'ombe wangu mzima," alisema, "maziwa yangu mazima, friji nzima. Na bado namwaga. Kwa sababu ya kengele?"

Mama Marseli alimsaidia kugeuza baiskeli, akaingia karakanani, akafunga mlango. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita akale. Tuliomfahamu tunajua kwamba kila alichokijenga baada ya hapo alikijenga kwa ajili ya swali lile.

Bodi ya Ushirika ilipokutana, mapendekezo yalikuwa mawili. Mzee Aminiel alitaka Sanduku jipya, kubwa zaidi. Mama Marseli alitaka lisinunuliwe Sanduku lolote tena. Alitaka kazi zote zitenganishwe, kila kazi iwe na kiboksi chake kidogo, fyuzi yake na swichi yake, vijengwe hapahapa kwa vifaa vinavyopatikana Arusha, na kila kiboksi kiwe na pacha wake anayesubiri kwenye rafu.

"Sanduku jipya lina waranti," alisema Mzee Aminiel.

"Waranti inapoza maziwa?" aliuliza Mama Marseli.

Wajumbe walicheka, lakini hawakushawishika. Mambo ya saketi yaliwachosha, wengine walianza kuangalia saa. Ndipo alipowaomba wasogee dirishani watazame baiskeli zao zilizoegeshwa nje. Akamuuliza mjumbe mmoja mpira wa breki ukiisha hufanya nini. Akajibu hununua mpira wa breki. Akamuuliza mwingine mnyororo ukikatika hufanya nini. Akajibu hununua mnyororo. "Sasa fikirieni," aliwaambia, "fundi amewauzia baiskeli ambayo breki, mnyororo, tandiko na kengele vimechomelewa pamoja kuwa chuma kimoja. Kengele ikifa, mnanunua baiskeli. Ndicho tulichokuwa nacho, na ndicho Mzee anachotaka kutununulia tena."

Walipitisha ombi lake kwa tangi la hapa Maisaka tu, kama majaribio. Mzee Aminiel aliomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba yeye alipinga. Iliandikwa.

Hapa tunafika kwenye kipindi ambacho mstaafu angependa tukiruke. Akiwa na ruhusa mkononi, alishikwa na furaha ya kutenganisha. Alitenganisha kila kitu. Kompresa ilipata kiboksi, mota ikapata, mizani ikapata, taa ya mizani ikapata ya kwake, kioo cha joto, swichi ya kioo cha joto, na kadhalika, mpaka ukuta wa chumba cha mashine ukajaa viboksi na nyaya zikaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Tuliuita ukuta ule Mji Mpya. Watu walipoteana njiani wakifuatilia waya mmoja. Na kwa kuwa alitaka mambo yawe rahisi, alitumia plagi za aina moja, rangi moja, kwa viboksi vyote.

Halafu wakaja wageni, wafugaji wa ushirika wa wilaya jirani, kuona maajabu. Mama Marseli alikuwa Arusha kununua vifaa. Mzee Aminiel, ambaye kufikia hapo alikuwa amesahau kwamba alipinga, aliamua kuwaonyesha mwenyewe. Alichomoa kiboksi kimoja, wageni wakashangaa. Akachomoa cha pili, wakashangaa zaidi. Akavirudisha vyote viwili kwa tabasamu, kila kimoja mahali pa mwenzake.

Kwa siku nzima tangi lile lilikuwa na tabia za ajabu. Kila mfugaji alipoweka keni kwenye mizani, kompresa iliwaka. Alipoiondoa, ilizima. Na mizani nayo, iliyokuwa ikisubiri amri ya joto, ilisema kila keni ina uzito uleule. Wafugaji wenye keni ndogo walituona watu wema sana siku hiyo. Maziwa hayakuharibika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kompresa ilipata kazi ya kutosha, lakini ilibaki kidogo.

Mama Marseli aliporudi alikuja juu kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Alimfuata meneja wake mpaka ofisini.

"Mzee, umechomeka kompresa kwenye tundu la mizani!"

"Tundu lilikubali," alisema Mzee Aminiel.

"Hata kama lilikubali!"

"Mama Marseli, tundu limekubali, plagi imekubali. Mimi nikatae kama nani?"

Alitoka mle ofisini bado amefura, akazunguka uani mara kadhaa, kisha akarudi, akasimama mlangoni, na kusema maneno ambayo Mzee Aminiel anasema aliyasikia mara moja tu katika utumishi wao wote: "Mzee, hapo una haki."

Alibomoa Mji Mpya. Safari hii alivunja kwa kipimo: vitu ambavyo kila mara huharibika pamoja na kutengenezwa pamoja aliviweka nyumba moja, vile ambavyo havina undugu akavitenga. Viboksi vikabaki vinne. Muhimu zaidi, kila kimoja alikipa plagi yenye umbo lake na rangi yake, ili kitu kisichofaa kuingia mahali kisiingie hata kikilazimishwa na meneja. Mpangilio huohuo aliupeleka kituo cha Sigino na cha Bagara, sawasawa, hata urefu wa skrubu, ili kipande cha huku kifae kule. Maneno yake kwa mafundi tangu siku hiyo tunayajua sote kwa moyo: ukitaka kujua kama umetenganisha vizuri, usiangalie vipande, angalia mahali vinapokutana.

Alikuwa amepita miaka hamsini programu za kompyuta zilipomfikia. Ushirika ulimwajiri Simon, kijana wa Dodoma mwenye shahada na mwandiko mbaya, atutengenezee programu ya kupokea uzito kutoka mizani, kutunza kumbukumbu za kila mfugaji na kumtumia meseji kila jioni. Simon alifanya kazi nzuri, ikakubalika kila kituo, na hakuna aliyeuliza ndani yake kukoje.

Ikafika Pasaka. Simon, kwa moyo mwema, aliongeza salamu za sikukuu kwenye meseji. Neno moja hapa, neno jingine pale. Jioni ile kila mfugaji alipata salamu za Pasaka pamoja na uzito wa maziwa ya jirani yake. Bi. Marietha wa Bagara, ambaye ng'ombe wake alikuwa amekauka tangu mwezi uliotangulia, alipongezwa kwa maziwa mengi kuliko ya mtu yeyote mtaani. Shemeji zake waliosoma meseji hiyo walitaka kujua maziwa hayo anayapeleka wapi. Alikuja kiwandani Jumanne asubuhi, na hakuja kutupa mkono wa Pasaka.

Simon alieleza kwamba ndani ya programu mambo yote yalikuwa yameshikana, hivyo alipoongeza mstari kwenye salamu, orodha ya majina ikasogea. Mama Marseli alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza, na wote tuliokuwepo tuliona uso wake. Alikuwa amelitambua Sanduku.

"Kwa nini kinachoandika salamu kijue uzito wa maziwa?" aliuliza.

"Mama, programu si kama mashine," alisema Simon kwa upole. "Humu hakuna waya wala fyuzi."

"Kwa hiyo ikiungua haitoi moshi. Hilo ndilo baya zaidi."

Kwa miezi iliyofuata walikaa pamoja kwenye meza moja, yeye akijifunza kuandika programu kwa vidole viwili, Simon akijifunza kunyamaza. Walivunja programu ile kama alivyovunja Sanduku. Sehemu ya mizani inapokea uzito na kuukabidhi, basi. Sehemu ya kumbukumbu, iliyopewa kiboksi chake ukutani, cha tano, inatunza, haijui mizani ni ya aina gani. Sehemu ya meseji inapewa jina na namba, inatuma, na haina ruhusa ya kuchungulia mambo mengine. Siku hizi Krismasi na Pasaka tunatuma salamu ndefu kama hotuba na hakuna ng'ombe anayezuliwa maziwa. Simon alihamia Mwanza baadaye, na huko, kwa habari tulizo nazo, anawasumbua wenzake kwa maneno ambayo hawajui yametokea wapi.

Nyumbani hali ilikuwa ileile. Baba Marseli, mumewe, mwalimu mstaafu na mtu mvumilivu kuliko wote tuliowataja, ametuambia kwamba kwenye harusi ya binti yao mkewe aliagiza genereta mbili, moja ya taa na nyingine ya muziki, zisijuane kabisa. Kamati ilimwona mfujaji. Genereta ya muziki ilipozimika katikati ya sherehe, keki ilikatwa kwenye mwanga, na kwaya ya parokia ikapata nafasi ambayo haikuwa imepewa kwenye ratiba.

Sasa tuseme lililotokea masika ya mwaka huu, kwa sababu bila hilo huenda tusingekuwa na sherehe.

Mama Marseli hakutaka kustaafu. Mwezi Februari aliomba aongezewe mkataba wa miaka miwili, kwa maelezo kwamba mifumo bado inamhitaji, na meneja wetu wa sasa, Bi. Valeria, alikuwa tayari kukubali. Mwezi Aprili alikwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye hospitali ya mbali. Karakana alimwachia Nestory, fundi aliyemfundisha kwa miaka minane, akamwachia pia maagizo mengi kiasi kwamba Nestory aliacha kuitikia na kubaki akitikisa kichwa tu.

Akiwa huko, alasiri moja, radi ilipiga nguzo jirani na kituo chetu cha Sigino. Kiboksi cha kupoza kikaungua. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ndani ya tangi, ya jioni yalikuwa yameanza kuwasili, na mvua ilikuwa ikinyesha hivi kwamba gari la kubebea maziwa lisingeweza kupanda kuyachukua. Nestory alipigiwa simu akiwa Maisaka. Alikwenda kwenye rafu, akakuta nafasi tupu, kwa sababu pacha aliyekuwa pale alikuwa amepelekwa Bagara wiki hiyo baada ya kile cha kwao kusumbua.

Hakukaa kulalamika. Bagara kuna matangi mawili, na moja lilikuwa tupu. Akachukua bodaboda mpaka pale, akachomoa kiboksi cha kupoza cha tangi tupu, akakifunga ndani ya koti lake la mvua, yeye mwenyewe akabaki na shati, akapanda bodaboda tena kuelekea Sigino. Tangi la pili la Bagara halikujua kwamba jirani yake ameondolewa kitu. Njiani walianguka kwenye matope mara moja. Dereva alisema Nestory alianguka kwa mgongo akiwa amekumbatia koti kama mtoto mchanga.

Sigino alikuta mizani inapima, kumbukumbu zinaingia, meseji zinakwenda, wafugaji wanapokelewa. Kilichokufa kilikuwa kile kimoja tu. Alikifungua kile kilichoungua, akachomeka kile cha Bagara, kwenye tundu lake pekee linalokikubali. Kompresa ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikaanza kunguruma. Wafugaji waliokuwa wamejikinga mvua barazani walipiga makofi. Halikumwagwa hata tone.

Mama Marseli alirudi baada ya wiki, amevaa miwani myeusi, na habari alizipata getini kwa mlinzi, ambaye alimsimulia kama sinema. Alikuja karakanani moja kwa moja.

"Nestory, radi imepiga Sigino?"

"Shikamoo, Mama. Ndiyo, ilipiga."

"Marahaba. Na simu zenu zote ziliungua kwa radi?"

"Hapana, Mama."

"Sasa mbona hamkunipigia?"

Nestory ni mtu mkweli, na ukweli humtoka kabla hajaupangilia. "Hatukukuhitaji, Mama," alisema.

Nestory alijaribu kueleza kwamba alimaanisha kuwa macho yake yalikuwa yamefungwa, kwamba daktari alikataza asisumbuliwe, kwamba walitaka kumpigia baadaye. Neno lilikuwa limeshatoka. Mama Marseli alikaa kwenye kiti chake, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa ingawa zilikuwa zimepangwa.

Alinuna siku kadhaa. Tulimsalimia, akaitikia. Tulimpelekea chai, akanywa. Miwani myeusi ilimsaidia. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye chumba chake cha kupimia maziwa kinatazamana na karakana, alimwona akichukua simu na kuiweka, kuichukua na kuiweka.

Ijumaa alipanda bodaboda akaenda Sigino peke yake. Mhudumu wa kituo anasema aliingia chumba cha mashine, akasimama mbele ya kiboksi kile cha Bagara, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mgonjwa homa. Akauliza kimefanya kazi tangu siku ile bila kusumbua? Akajibiwa ndiyo. Nani alikuja kukikagua? Hakuna aliyekuja, Mama. Hakikuwa na shida.

Aliporudi alikwenda ofisini kwa Bi. Valeria, hakukaa hata alipokaribishwa kiti.

"Ile barua yangu ya kuongezewa mkataba," alisema, "naomba uirudishe."

"Mama Marseli, kuna nini? Kuna mtu amekukosea?"

"Hakuna. Niliandika kwamba mnanihitaji. Nimekwenda nimeangalia. Hamnihitaji." Akavua miwani, macho yake bado mekundu, na Bi. Valeria anasema hakuweza kutofautisha upasuaji na kitu kingine. "Miaka yote hii ndicho nilichokuwa natafuta. Kwa hiyo nimefurahi. Ila msiniulize leo kama nimefurahi."

Hatukumuuliza. Tulisubiri. Wiki iliyofuata alianza kucheka tena, na tukajua amepona macho na kilichobaki.

Tangu hapo amekuwa akikabidhi. Wiki iliyopita aliingia chumba cha mashine hapa Maisaka akakuta viboksi vinne ukutani badala ya vitano. Nestory, bila kumuuliza mtu, alikuwa ameunganisha cha mizani na cha kumbukumbu kuwa kimoja, kwa sababu aina mpya ya mizani tuliyonunua huja na kumbukumbu yake ndani. Tuliokuwa karibu tulisogea kidogo, kama watu wanaopisha gari.

"Umeunganisha," alisema Mama Marseli.

"Nimeunganisha, Mama. Siku hizi vinaharibika pamoja."

Alikitazama kile kiboksi kipya kwa muda mrefu. Alikizunguka upande wa kushoto, akainama, akafuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Mdomo ulifunguka. Tulimwona akitafuta neno, na tunaapa alilipata, na akalimeza.

"Haya," alisema. "Ni karakana yako." Akachukua mkoba wake, akaenda kunywa chai.

Mama Marseli, kwa niaba ya wafanyakazi na wanachama wa Maisaka, Sigino na Bagara, tunakushukuru. Umetuachia mashine zinazokubali kutengenezwa, na mafundi wanaothubutu kuzigusa. Umetusumbua kwa Jumatatu nyingi, na kila mmoja wetu amejifunza kwako zaidi ya alivyokubali mbele yako. Tumesikia unakwenda Dareda kulima vitunguu saumu na kwamba umejiunga na kwaya upande wa sauti ya pili. Tunamwombea mwalimu wa kwaya.

Lala mchana, lima taratibu, tembelea wajukuu. Tutakupigia simu mara kwa mara, na hatutakuwa na swali lolote la ufundi. Tutataka kujua umeamkaje. Kwako na kwa Baba Marseli, Mungu awape afya na maisha mema ya kustaafu.

Imeandikwa na Dorika Sulle, Maabara ya Maziwa, Maisaka